Mwanaume wa filamu za Iran si wa aina moja

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu miaka nenda rudi: eti mwanaume wa filamu za Iran ni mmoja tu, mkali asiyetoa chozi, na kwamba aliletwa na mapinduzi ya 1979.

Tazama miaka ya filamu zenyewe. Mbabe wa kisu, anayelipiza kisasi kwa heshima ya dada yake, alitamba kabla ya mapinduzi. Filamu ya mbabe huyo, Qeysar, ni ya 1969. Mwaka huohuo kuna filamu ya Gaav (yaani "Ng'ombe"), ambamo mwanakijiji anarukwa na akili kwa uchungu wa kufiwa na ng'ombe wake. Vita na Iraq (1980–1988) vikaleta askari mcha Mungu anayejitolea uhai. Kisha A Separation ya 2011: baba wa mjini anamwogesha mzazi wake mgonjwa, na hapo hapo analia.

Kuchanganyikiwa kunaeleweka. Baada ya mapinduzi, kanuni zinazuia waigizaji wa kike na wa kiume kugusana, kwa hiyo hata mume mpole huonekana baridi kwenye klipu fupi.

Ukiupokea tena ujumbe huo, usiusambaze. Muulize aliyeutuma: filamu gani, ya mwaka gani?