Mapunye, choa na utangotango: tusikiayo na yaliyo kweli

Ukitaka kuwaelewa fangasi wa ngozi, uliza kwanza wanakula nini. Wanaoleta mapunye kichwani, choa mwilini na ule muwasho wa katikati ya vidole vya miguu ni wa ukoo mmoja, wengi wakiwa wa jenasi za Trichophyton na Microsporum. Chakula chao ni keratini, protini ya nywele, kucha na tabaka la juu la ngozi lililokwisha kufa.

"Mapunye ni ya watoto wachafu." Fangasi hakagui usafi, anatafuta nywele. Trichophyton violaceum, aliyezoeleka Afrika Mashariki, huhama kutoka kichwa hadi kichwa kwa kitana, kofia, mto au mashine ya kinyozi isiyosafishwa. Mtoto anayeogeshwa asubuhi na jioni huyapata vilevile akilala mto mmoja na mwenye nayo. Wengine hutoka kwa mifugo: Microsporum canis kwa paka na mbwa, Trichophyton verrucosum kwa ng'ombe, na wakamuaji wanamjua vizuri huyo wa ng'ombe.

"Choa ni mdudu anayezunguka chini ya ngozi." Hakuna mdudu. Fangasi huanzia nukta moja akaenea pande zote, kama moto wa nyika: katikati pamekwisha poa, ukingoni ndiko kunakowaka. Kwa hiyo anayekupima hukwangua magamba ya ukingoni, si ya katikati, kisha huyatazama kwa hadubini.

"Paka krimu tu, yataisha." Choa cha mwilini, mara nyingi kweli, krimu ya kuua fangasi kama klotrimazoli inatosha. Kichwani sivyo. Huko fangasi amezama hadi kwenye shina la unywele, ndani ya ngozi, na krimu haimfikii. Inatakiwa dawa ya kumeza, kwa mfano griseofulvini, kwa wiki 6 hadi 8 hivi, tena pamoja na chakula chenye mafuta ili mwili uifyonze. Tatizo ni kwamba mtoto akiacha kujikuna wiki ya pili, dawa nayo inaachwa. Na kichwa kikivimba kikatoa usaha, msikimbilie kukitumbua kama jipu. Huenda ni mapunye yaleyale.

"Ile krimu ya mchanganyiko inaponya siku tatu." Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Nyingi zina steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza muwasho na uvimbe. Muwasho na uvimbe ni kinga ya mwili ikipambana. Steroidi huinyamazisha, na fangasi akabaki mezani peke yake. Duara hupoteza ukingo wake, linatambaa hadi mapajani na tumboni, na hata mtaalamu hulitazama asilitambue. Ukiendelea kupaka, ngozi inakuwa nyembamba na kupata michirizi isiyofutika.

"Mwenye utangotango usiguse taulo lake." Huyu ni fangasi mwingine, Malassezia, jamii ya hamira, naye hali keratini bali mafuta ya ngozi. Yumo tayari kwenye ngozi ya karibu kila mtu mzima. Joto na jasho ndivyo vinavyomchochea. Akishatibiwa, madoa meupe hubaki miezi kadhaa kwa kuwa rangi hurudi polepole, na watu hununua dawa ya pili na ya tatu kumwua aliyekwisha kufa. Kwangua doa kwa ukucha: lisipotoa unga, huenda kilichobaki ni kungoja rangi.