Kodi ya majengo Dar: kikomo kiwekwe wapi?

Juzi nilialikwa kwenye mkutano wa mtaa huko Sinza nikazungumzie kodi ya majengo. Mimi ni mthamini: naingia kwenye nyumba za watu na futi kamba, natoka na bei. Sijamaliza hata salamu, mzee mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha bakora. "Mwanangu, mkija kuthamini nyumba zetu, hii elfu moja mia tano ya kwenye LUKU itapanda mara ngapi?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko mada niliyoandaa, nikaikunja karatasi yangu.

Sheria ya kodi ya majengo mijini ni ya mwaka 1983, na msingi wake ulikuwa thamani: jengo linathaminiwa, linaingizwa kwenye daftari la uthamini, mwenye nalo analipa sehemu ndogo ya thamani hiyo. Ambalo halijathaminiwa linalipa kiwango mfuto, yaani kiasi kilekile bila kujali thamani. Huo mfuto, uliokuwa wa kuzibia pengo, ndio ulioishia kutawala. Mwaka 2018 ukawekwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida na 50,000 kwa kila sakafu ya ghorofa mijini. Mwaka 2021 kodi ikahamia kwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, 1,000 na 5,000 kwa mwezi. Mwaka 2023 ikapanda: 1,500 na 7,500. Ukinunua umeme wa 5,000 mwanzoni mwa mwezi, 1,500 inakatwa kwanza, halafu ndipo VAT, REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati) nao wachukue chao. Usiponunua mwezi huu, deni linakusubiri mwezi ujao.

Sifa ya mfumo huu naikubali bila kinyongo: hakuna karani wa kugonga geti, hakuna foleni, kila mtu anajua kiasi chake. Ila piga hesabu. Chukua nyumba ya Manzese ya shilingi milioni 30 na nyumba ya Masaki isiyo ya ghorofa, yenye bustani na bwawa, ya bilioni 1.5. Zote zinalipa 18,000 kwa mwaka. Ukiilinganisha kodi na thamani, wa Manzese anabeba mzigo mara 50 ya mwenzake. Halafu nenda Tandika kwa fundi aliyejibana akapandisha kighorofa cha sakafu mbili kwa sababu kiwanja kilikuwa kidogo. Yeye ni 180,000, mara kumi ya lile jumba la Masaki. Kosa lake ni kujenga kwenda juu. Na mwenye kiwanja kitupu pale Mbezi Beach, kilichoota magugu akisubiri bei ipande, kodi ya majengo haimgusi kabisa. Ardhi ina kodi yake ya pango, hiyo ni habari nyingine.

Kwa hiyo kiwango mfuto nacho ni kikomo. Kinaizuia ankara ya kila mmoja isipande, kisha kinakaa palepale hadi siku serikali itakapoamua, na siku hiyo kinaruka kwa asilimia 50 kwa mkupuo, kama 2023.

Wenzetu Marekani wamebishana juu ya vikomo hivi kwa miaka mingi, na walivyokosea wao kunatusaidia. California mwaka 1978 walipiga kura wakafunga mambo mawili: kodi isizidi asilimia 1 ya thamani, na thamani inayotozwa isipande zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe. Matokeo yake, majirani wawili wenye nyumba pacha wanaweza kulipa kodi zilizopishana mbali, kwa sababu mmoja alinunua zamani na mwingine jana. Massachusetts, mwaka 1980, kikomo kikubwa walikiweka kwenye jumla. Mji hauruhusiwi kuongeza makusanyo yake yote ya kodi hii kwa zaidi ya asilimia 2.5 kwa mwaka, ukiacha majengo mapya. Ukitaka zaidi, uwaombe wakazi kwa kura.

Hapo kwenye jumla ndipo nilipotumia muda mrefu pale Sinza, maana watu wengi hawapaoni. Fikiria kamati ya harusi. Bajeti ikishapitishwa kuwa milioni 20, kujua nani ana uwezo gani hakuipandishi bajeti; kunaamua tu nani achangie laki tano na nani elfu hamsini. Uthamini chini ya kikomo cha jumla unafanya kazi hiyohiyo. Hata nyumba zote za Dar zikipanda bei maradufu usiku mmoja, ankara zinabaki zilivyo, kwa sababu fungu ni lilelile. Anayepanda ni yule ambaye nyumba yake imeng'aa kuliko za wenzake.

Lakini hofu ya yule mzee haikuwa ya kijinga. Sheria zetu hazina kikomo cha jumla. Ukirudisha uthamini leo kwa asilimia iliyokazwa, bei za viwanja zikipanda kodi inapanda nazo, bila mtu kusimama mahali popote akasema "tunaomba nyongeza". Ndiyo maana napendekeza vije pamoja: thamani igawe mzigo, kikomo cha jumla kiuzuie usivimbe. (Uthamini ndio ugali wangu, kwa hiyo nisomeni kwa tahadhari.) Wala sisemi tuthamini nyumba moja moja kwa futi kamba, tutamaliza wajukuu wakiwa wazee. Maeneo yapangwe kwa madaraja, ukubwa wa jengo upimwe kutoka kwenye picha za angani, inatosha kwa kuanzia.

Bado yupo mama mjane wa Upanga, nyumba aliyoachiwa ina thamani ya mamia ya mamilioni na mfukoni hana kitu. Huyu kikomo cha jumla hakimsaidii hata kidogo. Ningependa deni lake lisubiri hadi nyumba iuzwe au irithiwe, badala ya kuwapunguzia wenye majumba wote kwa kisingizio chake.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kidevu juu ya bakora.

"Na hiyo jumla, huko Marekani inapangwa na nani?"

Nikamweleza kuhusu Chicago, mwishoni mwa 2024. Meya aliomba nyongeza ya dola milioni 300 kwenye kodi ya majengo, madiwani wakaikataa kwa kura 50 kwa 0.

"Diwani wetu yule pale," akasema, akimwelekezea bakora. "Yeye ana kura gani kwenye hii ya LUKU?"

Hana. Viwango vinapangwa kitaifa, vinapitishwa Dodoma. Diwani alicheka, akaangalia simu yake.

"Basi ungeanzia hapo, mwanangu," mzee akasema, na mwenyekiti wa mtaa akahamia ajenda ya taka.