Zabibu za mvinyo hazitafuti baridi ya Mbeya

Ukikaa Mbeya au Iringa utaisikia hoja hii: Ulaya kuna baridi, Ulaya ndiko kwenye mvinyo, basi zabibu zingestawi zaidi huku Nyanda za Juu Kusini kuliko Dodoma kwenye jua kali. Hoja inavutia, ila imechanganya misimu. Baridi ya Ufaransa huukuta mzabibu umeshapukutisha majani, umelala. Matunda huiva kiangazi, na jua ndilo linalojaza sukari ambayo chachu huigeuza kuwa kilevi.

Adui mkubwa ni unyevu. Tukuyu mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka na ukungu hushuka hadi migombani. Hapo kichala kilichobanana hakikauki. Ubwiri vinyoya, ugonjwa wa mizabibu unaopenda unyevu, huanza kwa madoa ya njano juu ya jani; ligeuze, utaona utando mweupe chini yake. Baadaye punje zinaoza. Chai na ndizi zinapapenda mahali hapo, mzabibu hapana.

Dodoma hupata kama milimita 600 tu. Kwa kuwa hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, mkulima huuamsha mwenyewe kwa kupogoa, na anaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Huko hulimwa aina za zabibu kama Makutupora nyekundu, Chenin Blanc yenye asili ya bonde la Loire, Ufaransa, na Syrah ya bonde la Rhône, hukohuko Ufaransa.

Mtu wa Iringa mwenye nia ya dhati ningemshauri aitazame Ismani, upande mkavu wa barabara ya Dodoma, kabla ya Mufindi kwenye chai, na aanze na swali la maji ya kumwagilia.