Asili ya Paka ni Panya Mzima, Siyo Mnofu

Mama mmoja alituletea mtoto wa mbwa aina ya Jemani, wa miezi minne. Alikuja naye kambeba kwenye khanga, maana mbwa mwenyewe alikuwa amegoma kutembea. Miguu ya mbele ilikuwa imepinda, na nilipomgusa juu kidogo ya kifundo akalia.

"Daktari, huyu hajawahi kuonja pumba hata siku moja," mama aliniambia. "Tangu nimemchukua anakula mnofu mtupu wa ng'ombe. Nimesoma kwamba hicho ndicho chakula chake cha asili."

Tukampiga picha ya eksirei. Mifupa ilionekana imefifia, karibu ifanane na nyama iliyoizunguka.

Mama yule hakuwa mzembe hata kidogo. Nyama aliyokuwa akinunua kila wiki ni gharama ambayo nyumba nyingi haziwezi. Tatizo lilikuwa kwenye neno moja, "asili", ambalo siku hizi tunalikuta kila mahali kwenye ushauri wa kulisha na kutibu wanyama wa nyumbani. Katika hospitali yetu ya kufundishia tunaona madhara yake mara kwa mara, na karibu yote yangeweza kuepukika.

Tumwangalie paka anapokamata panya ghalani. Hachagui mnofu. Mara nyingi huanzia kichwani, akashuka na mifupa, moyo, ini na ngozi, na pengine akaacha nyongo au kipande cha utumbo. Mifupa inampa kalsiamu, ini linampa vitamini A, moyo na misuli vinampa taurini, kirutubisho kinacholinda moyo na macho yake, na sehemu kubwa ya mwili wa panya ni maji, ndiyo maana paka mwindaji hanywi sana. Mlo huo umekamilika. Mnofu wa buchani ni kipande kimoja tu cha mnyama, na kipande hicho kina kasoro kubwa: fosforasi yake yaweza kuizidi kalsiamu kwa karibu mara ishirini. Mwili ukikosa kalsiamu kwenye sahani, huichota kwenye mifupa. Kwa mtoto wa mbwa anayekua haraka, hasa wa mbegu kubwa, miezi michache inatosha kumlaza.

Taurini nayo ina historia yake. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba paka wengi waliokuwa na ugonjwa wa moyo kutanuka walipungukiwa na kirutubisho hicho, na walipoongezewa, mioyo yao ilirudia hali nzuri. Paka wale walikuwa wakila vyakula vya dukani vilivyouzwa kama mlo kamili, na baada ya hapo watengenezaji wakaongeza taurini. Kwa hiyo simtetei mwenye kiwanda wala simshutumu mpishi wa nyumbani. Kila mlo upimwe kwa kilichomo. Paka hawezi kujitengenezea taurini ya kutosha, wala hawezi kugeuza rangi ya karoti kuwa vitamini A kama sisi tunavyofanya. Paka anayeishi kwa ugali na maziwa, ikiwa hawindi pembeni, anaelekea kwenye upofu na moyo mbovu, japo tumbo limejaa. Paka wa Lamu na Mji Mkongwe wanaojilia vichwa vya samaki sokoni wana bahati kuliko wanavyodhaniwa.

Mbwa ni habari nyingine. Mwaka 2013 watafiti wa Uppsala, Uswidi, walionyesha kwamba mbwa wa nyumbani ana nakala nyingi zaidi za jeni ya kumeng'enya wanga kuliko mbwa mwitu wa kaskazini aliye ndugu yake. Miaka elfu kadhaa ya kuishi na mkulima imembadilisha tumbo. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu wenye mbwa wengi huona haya kutuambia wanalisha ugali. Ugali uliopikwa ukaiva siyo kosa. Kosa ni ugali peke yake, au ugali wa mahindi mabovu.

Hayo mahindi mabovu yananiuma sana. Gunia likiota ukungu, mtu anasema, "Hili halifai kuliwa, basi litakuwa la mbwa." Ukungu ule unaweza kuwa umezalisha sumukuvu, na ini la mbwa ni jepesi sana kuumizwa na sumu hiyo. Kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu 125 huko mashariki mwa Kenya. Kilichoua watu hakiwezi kuwa salama kwa mbwa.

Wanaoniuliza chakula gani kizuri chenye bei ya kawaida, jibu langu la kwanza ni dagaa. Dagaa huliwa mzima kama panya wa paka: kichwa, mifupa, ini, vyote vimo. Wale waliokaushwa mchangani waoshe mara tatu nne, mpaka mchanga uache kutua chini ya beseni. Wa chumvi waloweke na umwage maji yake. Kisha wachemshe, na mchuzi wa kuchemshia usiumwage hata kidogo, maana taurini huyeyukia humo. Songea ugali au pikia wali kwa mchuzi huohuo. Usiweke kitunguu maji wala kitunguu saumu. Vyote viwili huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na paka, na paka ndiye huumia zaidi.

Ukitumia nyama isiyo na mfupa, kausha maganda ya mayai, yasage yawe unga laini, na weka nusu kijiko cha chai kwa kila nusu kilo ya nyama. Hicho ni kipimo cha mnyama mzima mwenye afya. Kwa mtoto wa mbwa mkubwa, tafadhali tuonane kwanza, kwa sababu kalsiamu ikizidi nayo humharibu mifupa. Ini toa kidogo. Paka aliyezoeshwa kula ini kila siku hulewa vitamini A hadi mifupa ya shingo ikashikana, asiweze tena kugeuka kujilamba mgongo.

Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, hupasuka vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo. Wanaofuata mtindo wa kulisha kila kitu kikiwa kibichi wana hoja kwamba mfupa mbichi haupasuki hivyo, lakini nyama mbichi inaweza kubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, hadi kwenye mikono ya watoto wanaocheza na mbwa. Na kwetu kuna jambo ambalo ushauri wa mitandao ya Ulaya na Marekani haulitaji. Mapafu na maini ya mbuzi au kondoo yenye vifuko vya maji, yakitupiwa mbwa yakiwa mabichi, humpa tegu mdogo sana ambaye mayai yake hutoka na kinyesi. Mtu akiyameza, vifuko vilevile huota ndani ya ini au mapafu yake. Turkana, kaskazini mwa Kenya, inajulikana duniani kwa mzigo mkubwa wa ugonjwa huu, nako kwa wafugaji wa Tanzania upo. Chemsha viungo vya ndani mpaka viive kabisa, na vyenye vifuko vifukie shimoni mahali mbwa hafukui.

Sasa homeopathia, ambayo wengi huiweka kapu moja na chakula cha asili. Ilianzishwa na daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann, mwishoni mwa miaka ya 1790, kwa imani kwamba kitu kinacholeta dalili fulani kwa mzima huziondoa dalili hizo kwa mgonjwa kikizimuliwa sana. Watu huichanganya na mitishamba, na hapo ndipo panapowachanganya. Mtishamba una kemikali, unaweza kusaidia au kudhuru. Chupa ya homeopathia iliyoandikwa 30C imetengenezwa kwa kuchukua tone moja la dawa, kulitia kwenye matone 99 ya maji au spiriti, kuchukua tone moja la mchanganyiko huo na kurudia, hivyo hivyo mara thelathini. Kwa hesabu ya kemia, ukifika mara ya kumi na mbili hivi, ni bahati ikibaki chembe moja ya kile kitu cha mwanzo. Mwaka 2015 baraza la utafiti wa afya la Australia lilipitia tafiti na kuhitimisha kwamba hakuna ugonjwa wowote wa binadamu ambao kuna ushahidi wa kuaminika kuwa homeopathia inautibu. Chuo cha kifalme kinachosimamia madaktari wa mifugo Uingereza nacho kilitoa tamko mwaka 2017 la kuwataka wanachama wake watangulize tiba zenye ushahidi.

"Lakini daktari, mbwa wangu alipona." Naamini alipona. Jeraha dogo hupona, kuharisha kwa siku moja hukata, maumivu ya maungio hupanda na kushuka yenyewe, na sisi tunaowapenda huona nafuu tunayoitamani. Sisi madaktari pia tunaangukia humo, ndiyo maana tafiti nzuri humficha hata mpimaji nani kapewa dawa na nani kapewa maji.

Matone hayo yenyewe ni nadra kumdhuru mnyama. Kinachoua ni siku zinazopita. Mtoto wa mbwa mwenye parvo, ugonjwa wa virusi unaomtapisha na kumharisha, aliletwa kwetu siku ya tatu, macho yamezama, fizi baridi. Siku mbili zote alikuwa akipewa matone kila saa, kwa mapenzi ya kweli. Alihitaji dripu tangu siku ya kwanza. Hatukumwahi.

Na chanjo haina mbadala wa matone. Inakadiriwa watu 59,000 hivi hufa kila mwaka duniani kwa kichaa cha mbwa, karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Mpe mbwa na paka wako chanjo akifikisha miezi mitatu, na irudiwe kama daktari wa mifugo atakavyokupangia. Mtu akiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kituo cha afya siku hiyohiyo.

Nyumbani pia acheni kumpa paka paracetamol. Nusu ya kidonge cha miligramu 500 chaweza kumuua. Dawa ya kuogeshea ng'ombe na ile ya kupe wa mbwa msimpake paka.

Yule Jemani tulimbadilishia mlo na kumfungia chumba kidogo asirukeruke. Baada ya wiki tatu alikuja akitembea mwenyewe, akichechemea, na mguu mmoja haujanyooka sawasawa hadi leo. Mama bado anatumia nyama, na dagaa, na kile kijiko cha unga wa maganda. Mkija kutuona kwa shida ya aina hii, leteni na chakula chenyewe kidogo kwenye kopo, pamoja na chupa ya kila kitu mlichompa, hata kama mmeambiwa msituonyeshe.