Dawa ya usingizi: jina moja, vitu vinne

Mtu akisimama dirishani pa duka la dawa na kusema "nipe dawa ya usingizi", bado hujajua anataka nini. Jina hilo limebebeshwa mizigo mingi. Kwenye chumba cha upasuaji ni nusu kaputi. Kwa mwingine ni diazepamu, maarufu kama Valium. Kwa mzazi anayetaka mtoto atulie kwenye basi ni Piriton. Na wapo wanaosema achana na vidonge, chemsha maziwa ukunie kungumanga kidogo.

Nusu kaputi tuiweke kando mapema, kwa sababu si usingizi. Aliyelala usingizi wa pono huamka ukimtikisa vya kutosha. Aliyepigwa nusu kaputi haamki hata kwa kisu. Jina tu ndilo linalowakutanisha.

Piriton inachanganya zaidi. Ni dawa ya mzio: chafya, macho kuwasha, vipele. Hufanya kazi kwa kuizuia histamini, na histamini ndiyo pia moja ya kemikali ambazo ubongo huzitumia kukaa macho. Dawa za mzio za zamani kama hii hupenya hadi ubongoni, ndipo mtu anapoanza kusinzia. Kwa hiyo anayeimeza ili alale ananunua athari ya pembeni. Mwili nao huzoea ndani ya siku chache: usingizi unapungua, lakini kinywa kikavu na kichwa kizito asubuhi vinabaki. Kwa wazee huweza kuleta kuchanganyikiwa, kuanguka, hata mkojo kugoma kutoka. Kumpa mtoto mzima wa afya ili tu anyamaze, mimi naona ni kosa, japo najua limezoeleka.

Diazepamu, iliyoingia sokoni mwaka 1963, ni kitu kingine. Yenyewe hukanyaga breki za ubongo. Ilionekana nafuu kubwa, maana barbiturati zilizotangulia zilikuwa na dozi ya kulaza iliyokaa karibu mno na dozi ya kuua. Hata hivyo hukaa mwilini muda mrefu, kiasi kwamba kidonge cha jana usiku bado kiko nawe kwenye usukani leo mchana. Ukitumia kwa wiki kadhaa mfululizo mwili unaweza kuitegemea, na kuiacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Ndiyo sababu huandikwa na daktari, tena kwa siku chache.

Melatonini haimo katika kundi hilo kabisa. Ni homoni ambayo mwili wenyewe huitoa giza linapoingia; Aaron Lerner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale waliitambua mwaka 1958. Hailewishi. Inachofanya ni kuuambia mwili kwamba usiku umefika. Ndiyo maana humfaa aliyetoka Dar es Salaam kwenda Toronto, ambaye saa ya mwili wake imebaki nyumbani, kuliko anayekesha kwa mawazo ya kodi ya nyumba. Marekani huuzwa rafuni kama vitamini. Uingereza hutolewa kwa cheti cha daktari.

Lakini mara nyingi usingizi haukosi dawa, umezuiwa. Neti ina tundu. Umeme umekatika na pangaboi limesimama. Au ni kahawa chungu ya barazani: karibu nusu ya kafeini huwa bado mwilini baada ya saa tano hivi, kwa hiyo vikombe vya saa kumi na mbili jioni bado vinafanya kazi saa tano usiku. Pombe hudanganya zaidi. Humlaza mtu upesi, kisha ikishapungua mwilini humkatia usingizi, akajikuta saa tisa usiku anahesabu mabati. Kungumanga ya kunyunyiza haina neno, ila anayekula kijiko baada ya kijiko atatapika na kuona vitu visivyokuwepo.

Kwa aliyekosa usingizi kwa miezi, tiba ambayo Chuo cha Madaktari cha Marekani kilipendekeza mwaka 2016 ianze kabla ya vidonge ni ya mazoea na fikra. Mtu huamka saa ileile kila siku, hata kama hakupata lepe la usingizi. Kitanda hakitumiki kuangalia simu. Akikaa macho kwa kama dakika 20, anaondoka kitandani hadi usingizi urudi. Ushauri wenyewe unasema aende chumba kingine. Anayeishi chumba kimoja na familia atahamia kwenye kigoda au mkeka, alimradi mwili uache kuzoea kwamba kitandani ni mahali pa kugaragara. Huchukua wiki kadhaa, na siku za mwanzo mtu huchoka kuliko alivyoanza.

Kuna mmoja asiyepaswa kabisa kujinunulia kidonge: anayekoroma kwa nguvu, kisha pumzi inakatika, kisha anashtuka kama aliyeibuka majini. Dawa nyingi za kulaza humlegeza koo au kumchelewesha kushtuka, akakosa hewa zaidi. Mwenyewe hajisikii, kwa hiyo akienda kwa daktari ni vizuri afuatane na anayelala naye chumba kimoja, aeleze anachokisikia usiku.