Irabu Isiyo na Ghuna Bado ni Irabu

Nimeisikia tena, safari hii kutoka kwa mwalimu ninayemheshimu: irabu ya mwisho ya maneno mengi ya Ateso, lugha ya Waiteso wa Uganda na Kenya, haitamkwi, kwa hiyo ifutwe kwenye maandishi. Jamani, inatamkwa! Kilichokosekana ni mtetemo wa nyuzisauti tu.

Chukua *akipi*, maji. Sikio lililozoea Kiswahili, ambako irabu zote tano zina ghuna, yaani mtetemo huo, linasikia "akip". Lakini ulimi umeshapanda mahali pa *i* na pumzi imepita juu yake. Unabisha? Mnong'oneze mwenzako *kiti*, kisha *kitu*. Nyuzisauti hazikutetema hata kidogo, naye amejua umesema lipi. Irabu ni umbo la kinywa. Ghuna ni jambo jingine.

Hapo wengine hurukia kusema, "Kumbe ni mnong'ono." Hapana, na hili ndilo linaloniudhi zaidi. Katika mnong'ono nyuzisauti hukaribiana na kuacha upenyo mwembamba, hewa ikakwaruza. Irabu sighuna, yaani isiyo na ghuna, hutoka koo likiwa wazi zaidi, karibu na *h*. Vitabu huchora mpaka huo kwa mstari mnyoofu. Mimi nina shaka nao: katika mazungumzo ya kawaida namsikia msemaji yuleyule akiteleza kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Anayetaka ushahidi mzito apande Kaabong, kaskazini-mashariki mwa Uganda, kwa Waik wa mlima Morungole na msitu wa Timu. Lugha yao ni ya kundi dogo la lugha liitwalo Kuliak, si ndugu wa karibu wa Ateso wala Kikaramojong. Ina irabu tisa, na kila moja ina pacha wake asiye na ghuna, ambaye hutokea kabla ya kituo, pale msemaji anaponyamaza. Neno hilohilo likiwekwa katikati ya sentensi, ghuna inarudi. Sasa niambie: kama irabu haikuwepo, imerudi kutoka wapi, na imejuaje iwe *a* badala ya *u*? Wanaisimu huiandika kwa herufi ndogo iliyoinuliwa, kama katika jina la lugha yenyewe: *Icétôdᵃ*.

Kijapani nacho hupokonya *i* na *u* ghuna kati ya konsonanti sighuna. Ni kweli, ila huko ni athari ya sauti jirani, haitoshi kufananisha.

Nikiri ugumu mmoja. Baada ya *k* au *p*, mpasuko wa konsonanti na irabu sighuna hushikana mno, na sikio peke yake halitoshi. Hata spektrogramu, yaani picha ya sauti, haisaidii kitu ikiwa upepo umeingia kwenye kinasasauti. Mimi hutazama midomo: ikiviringa wakati "hakuna kitu", hapo kuna irabu ya midomo kama *u*.

Kwa hiyo mhariri asifute herufi kwa kusikiliza neno likitamkwa peke yake. Amrekodi msemaji mara mbili, kwenye kituo na katikati ya sentensi, kisha ndipo tuzungumze tahajia.