Dawa za viungo na maudhi yake: maswali yanayoulizwa mkono ukiwa kwenye kitasa

Mgonjwa wa viungo anaulizwa na daktari dawa zinamwendeaje, anajibu "vizuri tu". Akishainuka kuondoka, mkono ukiwa kwenye kitasa cha mlango, ndipo linapotoka lile lililomleta: "Eti daktari, hizi dawa zinaweza kunyonyoa nywele?" Yafuatayo ni maswali ya namna hiyo, ya watu wenye baridi yabisi (ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia viungo), wenye viungo vilivyosagika na wenye jongo. Nimeyajibu kwa urefu pale ambapo kutojua kunaweza kuua, na kwa ufupi pale ambapo kunatia hofu tu.

Diklofenaki inaniunguza tumbo. Nikiimeza baada ya kula, si yatosha?

Chakula hupunguza muunguzo, hakizuii kidonda. Diklofenaki, ibuprofeni, naprokseni na indomethasini ni za ukoo mmoja: huuzuia mwili usitengeneze kemikali ziitwazo prostaglandini. Kemikali hizo huchangia kuvimba na kuuma kwa goti, na hizo hizo hulinda ukuta wa tumbo usiliwe na asidi. Dawa ikishaingia kwenye damu haibagui goti na tumbo. Ndiyo maana hata sindano ya diklofenaki, ambayo haipiti tumboni, inaweza kuleta vidonda vya tumbo.

Hatari huwa kubwa zaidi kwa mwenye umri wa zaidi ya miaka 65, aliyewahi kuugua vidonda vya tumbo, na anayetumia pia aspirini, prednisoloni au dawa ya kuzuia damu kuganda. Kuna kosa moja linalojirudia sana. Mtu ameandikiwa diklofenaki ya goti. Jioni kichwa kinamgonga, ananunua ibuprofeni kwenye duka la dawa. Kwake hizo ni dawa mbili zenye kazi mbili. Kwa tumbo lake ni dozi mbili za kitu kile kile. Ukihitaji kitu cha kuongezea, parasetamoli haimo kwenye ukoo huo, mradi mtu mzima asivuke gramu 4 kwa saa 24, na mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza.

Anayelazimika kumeza dawa hizi kwa muda mrefu huongezewa omeprazoli ya kulinda tumbo. Kama kinachouma ni goti au vidole tu, ulizia jeli ya kupaka: dawa yake huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo sana. Kinyesi kikiwa cheusi na kinanata, au ukitapika damu, nenda hospitali saa hiyo hiyo hata kama huna maumivu. Kuna vidonda ambavyo haviumi mpaka siku vinapovuja damu.

Nina presha. Dawa hizo za maumivu zinanihusu?

Zinakuhusu sana. Huufanya mwili uzuie maji na chumvi, presha ikapanda, na dawa za presha zikapungua nguvu. Figo nazo hutegemea prostaglandini zile zile ili zipate damu ya kutosha. Ukitumia dawa za maumivu pamoja na baadhi ya dawa za presha na dawa ya kukojoza, kisha ukapatwa na kuhara au kutapika, figo zinaweza kufeli ndani ya siku chache. Na moyo pia umo. Mwaka 2004 kampuni ya Merck iliiondoa sokoni duniani kote dawa ya viungo iitwayo Vioxx baada ya utafiti kuonyesha kwamba inaongeza shambulio la moyo na kiharusi. Dawa hiyo ilikuwa imetengenezwa makusudi ili isiumize tumbo.

Metotreksati nimeambiwa nimeze mara moja kwa wiki, lakini viungo vinauma kila siku. Nikimeza kila siku nitapona haraka?

Hapana. Katika makala hii yote, ukishika jibu moja, shika hili. Watu wamekufa kwa kumeza metotreksati kila siku. Dawa hii huzuia seli zinazogawanyika haraka, na ikizidi huanza na uboho unaotengeneza damu, na utando wa mdomo na utumbo. Mgonjwa huona vidonda mdomoni, kisha homa, kisha maambukizi ambayo mwili hauna chembe za kupigana nayo.

Metotreksati si dawa ya kutuliza maumivu ya leo. Hutuliza kinga ya mwili polepole, na huchukua wiki 6 hadi 12 kabla hujaona tofauti. Dozi ya kawaida ni miligramu 7.5 hadi 25 kwa wiki nzima. Chagua siku moja, iandike kwa kalamu juu ya boksi, na uwaambie watu wa nyumbani. Mfamasia akikuandikia "mara moja kwa siku", usiondoke dirishani kabla hajarekebisha.

Na ndiyo, ukisoma karatasi iliyomo ndani ya boksi utakuta neno saratani. Ilianza kama dawa ya saratani, na huko bado inatumika kwa dozi kubwa mno. Kwa baridi yabisi, Marekani iliiidhinisha mwaka 1988, na mpaka leo kwa wagonjwa wengi ndiyo dawa ya kwanza.

Nikishameza, kesho yake sina thamani. Kichefuchefu, kichwa kizito, hamu ya kufanya lolote hakuna. Je, ndivyo itakavyokuwa maisha yangu yote?

Si lazima. Hilo ndilo lalamiko kubwa la watumiaji wa metotreksati, na linashughulikiwa kwa njia kadhaa. Ya kwanza ni asidi ya foliki, aina ya vitamini: kama hukupewa, uliza. Kuna wanaopangiwa kuimeza mara moja kwa wiki, siku tofauti na metotreksati, na wengine karibu kila siku. Fuata mpango wako. Ya pili ni kumeza metotreksati usiku unapokwenda kulala, kuamkia siku ambayo huna kazi, ili sehemu ya uchovu ipite ukiwa usingizini. Daktari anaweza pia kukugawia dozi mara mbili ndani ya siku ile ile moja, au kukuhamishia kwenye sindano ya chini ya ngozi, ambayo wengi huivumilia kuliko vidonge.

Kuna jambo wagonjwa huona aibu kulisema. Baada ya miezi kadhaa, wengine huanza kichefuchefu kabla hawajameza chochote. Vidonge hivi kwa kawaida ni vya manjano, na dawa ya sindano pia ni ya manjano; mtu akifungua droo akaiona rangi tu, mate yanamjaa mdomoni. Hiyo si deko. Ubongo umejifunza kuunganisha rangi na kutapika, na madaktari wa viungo wanalijua jambo hili vizuri. Lisemwe mapema, maana likishakomaa kulitoa ni kazi.

Yapo yasiyongoja miadi: kikohozi kikavu kinachoambatana na kuishiwa pumzi, homa, vidonda mdomoni, michubuko isiyo na sababu, macho kuwa ya manjano. Na kabla ya kupewa antibayotiki yoyote, taja kwamba unatumia metotreksati. Kotrimoksazoli ikichanganywa nayo inaweza kuua uboho. Vipimo vya damu huwa vya karibu karibu mwanzoni, kisha kila baada ya miezi 2 au 3. Ni kwa ajili ya kuangalia ini, figo na chembe za damu. Pombe nayo ongea wazi na daktari, kwa kuwa inalilemea ini hilo hilo.

Nywele zinabaki kwenye kitana. Ni dawa?

Inawezekana. Metotreksati na leflunomaidi, dawa nyingine ya baridi yabisi, hupunguza wingi wa nywele kwa baadhi ya watu, ila ni nadra kuzimaliza, na kwa kawaida hurudi dozi ikipunguzwa au dawa ikibadilishwa. Ugonjwa wenyewe ukiwa mkali pia hunyonyoa nywele, kwa hiyo kuacha dawa kunaweza kusikusaidie hata hapo.

Prednisoloni ilinirudishia mwili ndani ya siku mbili. Kwa nini daktari ana haraka ya kuipunguza?

Kwa sababu anajua kinachofuata. Mwaka 1948, Philip Hench na wenzake wa Mayo Clinic nchini Marekani walimdunga homoni iitwayo kortisoni mwanamke aliyelemazwa na baridi yabisi, na baada ya siku chache akatembea. Kufikia 1950 Hench alikuwa ameshiriki Tuzo ya Nobel. Lakini wagonjwa walioendelea na dawa walianza kuvimba uso, na dawa ilipoachwa ugonjwa ulirudi. Prednisoloni ni ya ukoo wa kortisoni, na hadithi yake haijabadilika.

Wanaoitumia husimulia mambo yanayofanana: njaa isiyoisha, uso kuwa wa duara, hasira za karibu, na kukesha. Saa tisa ya usiku mtu yuko jikoni anapanga makabati, macho makavu. Kumeza dozi yote asubuhi husaidia kwenye usingizi. Yasiyoonekana ndiyo mabaya zaidi: sukari kupanda, presha, mtoto wa jicho, na mifupa kupungua uimara mpaka pingili la mgongo linavunjika kwa kuinua ndoo. Ulizia kalisi na vitamini D mapema.

Lakini usiiache ghafla. Tezi zilizo juu ya figo hutengeneza homoni ya aina hiyo zenyewe. Ukitumia vidonge kwa zaidi ya wiki 3 hivi, zinaweza kuacha kazi. Ukikata siku moja, mwili unabaki bila homoni hiyo: kulegea, kutapika, presha kushuka, kuzimia. Dozi hushushwa kidogo kidogo kwa ratiba ya daktari.

Kuna dawa ya asili niliyonunua, imefanya kazi kuliko za hospitali zote, tena haina kemikali.

Ikifanya kazi haraka hivyo, ningeishuku. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu bidhaa zinazouzwa kwa jina la Artri King kama virutubisho vya viungo. Zilipopimwa zilikutwa na diklofenaki na deksamethasoni, ambayo ni ya kundi la prednisoloni na ina nguvu zaidi, bila kuandikwa popote kwenye kifungashio. Watumiaji walipata madhara kwenye ini, na wengine tezi zao zilizimika. Ajabu ni kwamba aliyekimbia prednisoloni ya hospitali ndiye aliyeila bila kipimo. Kama umeshatumia bidhaa ya namna hiyo kwa wiki kadhaa, usiiache bila kumwona daktari, kwa sababu ile ile niliyoitaja hapo juu.

Dawa ya jongo ndiyo imeniamsha na jongo!

Alopurinoli huweza kufanya hivyo miezi ya mwanzo. Fuwele za asidi ya yuriki zilizojikusanya kwenye kiungo zinapoanza kuyeyuka, zinachokoza uvimbe. Ndiyo sababu dozi huanzia chini, miligramu 100 au pungufu, na huambatana na kolchisini kidogo, dawa ya kuzuia uvimbe wa jongo. Kolchisini ikikuharisha, dozi ni kubwa. Ila ukitokwa na upele baada ya kuanza alopurinoli, acha siku hiyo hiyo na uende hospitali. Mara chache upele huo ndio mwanzo wa ngozi kubabuka mwili mzima.

Mkojo umekuwa wa rangi ya chungwa. Na je, ni kweli hidroksiklorokwini inapofusha?

Rangi hiyo ya mkojo inatokana na salfasalazini, dawa nyingine ya baridi yabisi, na haina ubaya. Hidroksiklorokwini, nayo ya baridi yabisi, inaweza kudhuru retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, lakini kwa dozi isiyozidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku ni nadra katika miaka 5 ya mwanzo. Baada ya hapo macho hupimwa kila mwaka.

Nataka mtoto.

Sema kabla, si baada ya siku zako kupita. Metotreksati na leflunomaidi huharibu mimba. Leflunomaidi hukaa mwilini muda mrefu sana, na ipo dawa ya kuisafisha. Hidroksiklorokwini na salfasalazini zinaweza kuendelea. Kwa mwanamume, salfasalazini hupunguza mbegu, nazo hurudi akiiacha.

Niliacha dawa kimya kimya miezi miwili iliyopita. Nikisema, daktari hatakasirika?

Huenda akakunja uso. Fikiria asipojua: anaona vidole vimevimba, anaamini unameza metotreksati miligramu 15 kwa wiki, anahitimisha kwamba hazitoshi. Anapandisha hadi 20 au anaongeza dawa ya pili kali zaidi, kwa ugonjwa ambao ile ya kwanza haijawahi kuushindwa. Wewe siku ukiamua kuanza tena, unaanzia juu.

Mwambie "niliacha", kisha mweleze kilichokufanya uache: kilianza lini baada ya kumeza, kilidumu saa ngapi, kilirudi kila dozi au mara moja. Beba maboksi yenyewe, pamoja na yale ya dukani na ya asili. Usipoweza kuyasema, yaandike, umpe karatasi ukishakaa tu, kabla hajauliza zinakwendaje.